Studio ya rege Dar es Salaam: anzia kwenye besi

Studio nyingi za Dar zimejengwa kumsubiri mwimbaji. Kuna kibanda cha maiki chenye sponji nyeusi ukutani, kompyuta, spika mbili za inchi tano na prodyuza mmoja anayepika biti peke yake. Kwa Bongo Fleva mpangilio huo unalipa. Ingiza humo bendi ya rege uone: besi inanguruma kwenye noti mbili na kupotea kwenye tatu, dramu zinalia kama makopo, na mpiga besi anazidi kuongeza sauti bila kujua kwamba mwenye kosa ni ukuta. Mwongozo huu ni wa wanamuziki wa rege wanaotaka studio yao wenyewe, iliyojengwa kwa pesa ya kawaida na yenye uwezo wa kujilipia kodi.

Udogo wa mtaji si kisingizio. Prodyuza wa rege Lee Perry aliijenga studio ya Black Ark uani kwake, Kingston, Jamaica, mwishoni mwa 1973, na mashine yake kuu ya kurekodia ilikuwa ya treki nne. Mjamaika mwenzake, King Tubby, alikuwa fundi wa redio na transfoma. Studio yake ya Waterhouse ilikuwa ndani ya nyumba na haikuwa na nafasi ya bendi. Alipokea kanda zilizorekodiwa kwingine, akaingiza sauti za waimbaji na kumiksi. Ukikosa chumba cha bendi, nawe unaweza kugawa kazi vivyo hivyo: dramu na besi mkazirekodie kwenye ukumbi wa kukodi kwa siku moja, mengine yote yafanyikie kwenu.

Chumba

Chukua futi kamba kabla hujalipa kodi ya miezi sita. Kwa joto la Dar, sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde. Gawanya 349 kwa urefu wa chumba (kwa mita) uliozidishwa mara mbili. Jibu ni masafa ya chini kabisa ambayo chumba kitayaimba chenyewe.

Chumba cha futi kumi kwa kumi ni mita 3.05 kila upande, kwa hiyo 349 gawanya kwa 6.1 ni hezi 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde. Sasa angalia gitaa la besi: waya wa E unalia hezi 41, A hezi 55, D hezi 73, G hezi 98. Hiyo 57 imekaa katikati ya A na A kali, na kwa kuwa urefu na upana ni sawa, kuta zote nne zinavuma pamoja kwenye noti ileile. Dari ya futi tisa inaongeza hezi 64, katikati ya B na C. Wimbo wa A maina ukimiksiwa humo, fundi atasikia besi imezidi na ataipunguza. Ukifika kwenye redio hauna besi, maana alichopunguza hakikuwamo kwenye rekodi. Kilikuwa ukutani.

Chagua chumba cha mstatili ambacho upande mmoja si mara mbili ya mwingine. Mita 3 kwa 4.3 ni nzuri. Kama umeshapanga cha mraba na mkataba umesaini, weka spika na kiti ukielekea ukuta mmoja, ukae kwenye asilimia 38 ya urefu ukipima kutoka ukuta wa mbele, yaani kama mita 1.15 kwenye chumba cha mita 3.05. Kisha fedha ya mitego ya besi, yaani fremu nene za kunyonya besi, iwe ya kwanza kwenye bajeti.

Kabla ya hapo, tofautisha kazi mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Kuzuia sauti isiingie wala kutoka kunahitaji uzito na kuziba mianya. Kutuliza sauti iliyomo ndani kunahitaji kitu kinene kinachopitisha hewa. Trei za mayai hazifanyi kazi yoyote kati ya hizo, na zinashika moto upesi. Sponji nyembamba ya inchi moja inakula sauti za juu tu. Chumba kinabaki kizito chini na kimekufa juu, nayo ni hali mbaya kuliko chumba kitupu.

Kwa uzito, tofali za inchi sita za kulaza zinashinda za kusimamisha kwa mbali. Mlango uwe wa mbao nzito, si ule wa plaiwudi yenye uwazi ndani, na uzungushiwe raba kwenye fremu na chini. Dirisha ni bora lizibwe kwa tofali. Likibaki, weka vioo viwili vya unene tofauti vilivyoachana angalau sentimita kumi. Dari ndiyo adui mkubwa wa nyumba zetu: jipsam moja jembamba, juu yake uwazi, juu yake bati. Mvua ya masika ikishuka, kazi inasimama. Ongeza tabaka la pili la jipsam, viungo vya tabaka la juu na la chini visikutane, na kingo zote zizibwe kwa silikoni. Chumba cha chini kwenye nyumba ya ghorofa kinakuokoa na bati, mradi wa juu yako hatwangi kisamvu usiku.

Mahali penyewe uende mara tatu: alfajiri wakati wa adhana na kunguru, Jumamosi saa nne usiku wakati vigodoro vimepamba moto, na siku yoyote ya kazi saa tano asubuhi. Kipawa na Vingunguti zipo karibu na uwanja wa ndege, na kule utakuwa unarekodi kwa kuvizia. Kaa dakika kumi kimya na simu ikirekodi, halafu usikilize kwa hedifoni.

Mitego ya besi unaijenga mwenyewe. Fremu ni mbao za inchi moja kwa nne, sentimita 60 kwa 120. Ndani jaza sufi ya mwamba ya sentimita kumi yenye uzito wa kilo 40 hadi 60 kwa mita ya ujazo. Wauza vifaa vya viyoyozi na majokofu makubwa ndio wanaoijua. Vaa barakoa na glavu unapoikata. Ikikosekana, tumia mitumba iliyokataliwa, taulo na masweta, iliyoanikwa juani siku nzima na kupangwa tabaka kwa tabaka bila kubanwa kama robota. Kilo nne hadi sita zinatosha fremu moja. Pitisha kamba za katani mbele na nyuma ili vitu visishuke chini baada ya miezi mitatu na kuacha nusu ya juu tupu. Funika kwa khanga. Kitambaa unakipima kwa mdomo: puliza, na kama pumzi haitokezi upande wa pili, sauti nayo haitapita.

Fremu nane ni mwanzo wa heshima. Nne zisimame kwenye pembe, zikikata kona kwa mshazari ili nyuma yake pawe na hewa. Mbili ziwe kwenye kuta za pembeni pale ambapo mtu akitembeza kioo ukutani wewe uliyekaa kwenye kiti unaiona spika. Mbili zining'inie darini juu ya kichwa chako, zikiachana na dari sentimita kumi.

Umeme, na ule mvumo

Umeme wa TANESCO ni volti 230, hezi 50. Mvumo unaosikika kwenye treki za gitaa ni wa hezi 50 na 100, na mara nyingi chanzo ni asi (waya wa kwenda ardhini) mbovu au vifaa vilivyochomekwa kwenye soketi za njia tofauti. Mwite fundi umeme apime asi kwa mita yake. Ikizidi omu kumi, aongeze nondo ya shaba kwenye udongo wenye unyevu, maana mchanga mkavu wa pwani haushiki asi vizuri. Kisha vifaa vyote vya sauti, kuanzia kompyuta hadi ampu ya gitaa, vilishwe kutoka soketi moja ya ukutani. Kiyoyozi kiwe na njia yake peke yake. Usikate kamwe waya wa asi ili kuua mvumo. Mwimbaji anashika maiki ya chuma kwa mkono wenye jasho.

Umeme unapokatika, madhara hutokea unaporudi. Weka stabilaiza na kifaa kinachochelewesha umeme dakika tatu hadi tano kabla ya kuuruhusu, kisha yupiesi (UPS) ya VA 1500 kwa kompyuta na saundi kadi. Spika na kiyoyozi visiguse yupiesi. Ukinunua inveta, uliza kama inatoa wimbi safi la saini. Zile za bei nafuu zinatoa wimbi la ngazi, na wimbi hilo linaingia kwenye pikapu za gitaa kama nyuki kwenye debe. Betri moja ya volti 12, Ah 200 ya asidi usiitumie chini ya nusu. Hiyo nusu ni kama wati 1,200 za saa moja, na kwa mzigo wa wati 350 utapata kama saa tatu. Zinatosha kumaliza sesheni kwa heshima.

LUKU ya studio iwe na mita yake. Ukichangia na wapangaji wengine, ugomvi wa yuniti utakula urafiki wote wa nyumba hiyo.

Vifaa vya kuanzia

Saundi kadi ya njia nane, maiki mbili za SM57, moja ya SM58, moja ya kiki, mbili nyembamba za kondensa kwa juu ya dramu, di-boksi mbili (visanduku vya kuingiza gitaa moja kwa moja bila ampu), hedifoni nne zilizofungwa masikio na kigawanyaji chake, spika za inchi saba au nane. Zile za inchi tano haziishiki E ya chini, na hapo ndipo rege inapoishi. Maiki bandia zimezagaa duniani, kwa hiyo nenda sokoni na mizani ya jikoni: SM58 halisi ina gramu 298, nyingi za bandia ni nyepesi. Ampu ya besi iache kwanza, di-boksi inatosha.

Unyevu wa Dar unaua polepole. Maiki za kondensa zilale kwenye kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana na vifuko vya silika. Zikianza kupasua-pasua sauti, zimeshanyonya maji. Ukiwa Msasani, Kunduchi au Kigamboni hewa ina pia chumvi ya bahari, kwa hiyo jeki zote zipuliziwe dawa ya kusafishia viunganishi kila baada ya miezi mitatu. Kiyoyozi kiweke 26 mchana kutwa. Kukiwasha na kukizima ndiko kunakoleta umande.

Kurekodi mdundo

Weka kasi kwenye programu kati ya mapigo 140 na 160 kwa dakika. Ukihesabu moja, mbili, tatu, nne, kiki na snea zinaangukia tatu kwa pamoja, na moja inaachwa wazi. Hiyo ndiyo wan dropu. Gitaa linakwaruza kwenye mbili na nne. Prodyuza wengine wataweka 75 badala ya 150. Wimbo ni uleule ila hesabu imekunjwa nusu, kwa hiyo kubalianeni mapema kabla mpiga dramu hajalaumiwa bure. Kosa la kawaida kwa aliyezoea biti za sasa ni kuweka kiki kwenye moja kwa mazoea ya mkono. Mdundo unasimama imara sana na rege inatoka mlangoni. Kiki ya kila hesabu nayo ipo, Wajamaika wanaiita stepas, ila iwe chaguo, isiwe ajali.

Dramu na besi zirekodiwe kwa pamoja, watu wawili wakitazamana, na mwimbaji akiimba sauti ya mwongozo pembeni. Ondoa ngozi ya mbele ya kiki, jaza blanketi moja likigusa ngozi ya nyuma, na maiki iingie nusu ya kina. Snea ikazwe juu mpaka ilie kama kopo la chuma lililokauka, na mpigaji atumie ukingo kwa beti, ngozi kwa roli tu. Haihati ndiyo inayobeba mwendo: isiwe sawasawa kama saa ya ukutani, iwe na mnesoneso. Ukitumia mashine, weka swingi asilimia 56 hadi 62 na usikilize. Maiki mbili za juu ziwe umbali sawa kutoka katikati ya snea, upime kwa kamba ya kiatu. Zisipolingana, snea itakonda pale utakapoziunganisha.

Sasa besi yenyewe. Waya mpya zinang'aa na kukwaruza. Rege inataka waya zilizochoka au zile bapa. Chomeka kipande cha sponji ya kuoshea vyombo chini ya waya, karibu na daraja, chenye unene wa kugusa tu. Noti itatoka fupi na ya mviringo. Funga kitasa cha toni hadi robo au kabisa. Piga kwa kidole gumba au ncha za vidole juu ya mwisho wa shingo, si karibu na daraja. Waya kutoka gitaa uingie di-boksi, kutoka hapo saundi kadi, na vilele vifike desibeli 12 chini ya sifuri. Kwa biti 24 hakuna haja ya kukaribia juu zaidi, na besi iliyopasuka haitengenezeki.

Mpiga besi mzuri wa rege anachelewa kidogo nyuma ya dramu, milisekunde 10 hadi 20. Usimsogeze kwenye mistari ya programu. Ukishamsogeza, wimbo unakuwa safi na hakuna atakayecheza. Cha kukagua ni urefu wa noti: inaisha wapi? Ukimya kati ya noti mbili za besi una uzito sawa na noti zenyewe. Mpigaji anayesahau kuzima waya kwa kiganja atakujazia tope ambalo hakuna kitasa kitakachoondoa.

Kwenye kumiksi, kompresa ya nne kwa moja, ikianza kubana baada ya milisekunde 25 na kuachia kwa 120, ikipunguza desibeli nne hadi sita. Kata kidogo kwenye 250 kama kuna ukungu. Ongeza desibeli mbili hivi kwenye 700, maana spika za daladala na simu hazifiki chini ya hezi 100, na bila hiyo 700 abiria wa Mbagala hatajua kama wimbo una besi.

Gitaa la kukwaruza likatwe kila kitu chini ya hezi 200. Kazi ya mkono wa kushoto ni kuachia kodi (noti zinazopigwa pamoja) mara tu inapolia. Piano ilie pamoja nalo, nyuma kidogo. Ogani ndiyo inayochemka katikati: mkono wa kushoto unajibu kabla na baada ya gitaa, sauti chini kiasi kwamba ukiizima wimbo unakonda lakini ukiiwasha huioni. Ukiisikia waziwazi imezidi.

Kwa sauti ya mwimbaji, sahau kwanza maiki ya bei mbaya. Kwenye nyumba ya kupanga yenye bodaboda nje, maiki ya kawaida ya dainamiki kwa umbali wa sentimita tano hadi nane inatoa sauti safi kuliko kondensa inayosikia hadi jirani anavyokaanga vitumbua. Kichuja pumzi ni soksi nyembamba ya kike iliyovutwa kwenye hanga ya waya. Wakati wa kurekodi weka bafa ya programu, yaani idadi ya sampuli inazokusanya kabla ya kuzitoa, iwe 64 au 128. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, 128 ni kama milisekunde 2.7 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, pamoja na chache za vifaa vyenyewe. Ikibaki 1024, mwimbaji atajisikia kwa kuchelewa na ataanza kuburuza. Utadhani hajui wimbo.

Ngoma za nyabinghi, zile za ibada za Rastafari, zikiwepo, ile kubwa, ya kati na ndogo ya kujibu, zirekodiwe kwa maiki mbili mbele ya duara, sio maiki kila ngoma. Wapigaji wajipange wenyewe kwa kusogea mbele na nyuma.

Dabu

Dabu ni toleo la wimbo ambalo fundi anaondoa na kurudisha vyombo na sauti, huku akivirushia mwangwi. Mwangwi wa kurudia unahesabiwa kutoka kwenye kasi. 60,000 gawanya kwa 150 ni milisekunde 400 kwa hesabu moja, na moja na nusu ni 600. Hiyo 600 ndiyo inayotupa neno la mwisho la mstari nyuma ya gitaa bila kugongana nalo. Kosa kubwa la wanaoanza ni kubandika mwangwi juu ya treki nzima. Uweke kwenye njia yake, na marejeo yake yaje kwenye chaneli ya kawaida yenye fada (kitelezi cha sauti), ili uweze kuyarudisha ndani ya mwangwi wenyewe. Kata chini ya 300 na juu ya 3,500, la sivyo marudio matatu tu yanajaza wimbo. Ukiyarudisha, shika fada kwa kidole muda wote: yakishaanza kufoka yanapanda ndani ya sekunde mbili na yanaweza kuchana spika. Weka limita mwishoni.

Zima besi kwa mizunguko miwili, irudishe kwenye hesabu ya tatu. Rusha pigo moja la snea kwenye mwangwi, moja tu, halafu acha. Fanya yote kwa mkono huku ukirekodi miksi, upate matoleo matano au sita, uchague moja. Dabu iliyochorwa kwa mausi inasikika imechorwa.

Pesa na karatasi

Bei ya saa ikokotolewe, isiotwe. Tuseme kodi 400,000, umeme 150,000, intaneti 70,000, ulinzi na usafi 80,000, akiba ya vifaa 200,000. Jumla 900,000 kwa mwezi. Studio changa haiuzi saa 200. Ikiuza 60 imefanya vizuri. Kwa hiyo kila saa ina gharama ya 15,000 kabla fundi mitambo hajalipwa hata senti. Anayekuja na bei ya kishkaji mwonyeshe hesabu hiyo. Malipo nusu kabla, nusu siku ya kukabidhi, na treki hazitoki kwenye diski mpaka malipo yamalizike. Saa inaanza muda uliopangwa. Foleni ya Ubungo si juu yako.

Rege peke yake mara chache italipa kodi Dar, na hili si la kuonea aibu. Chumba kinachobeba dramu na besi vizuri kinabeba pia kwaya, na kwaya za mji huu hazikosi kazi ya kurekodi. Mazoezi ya bendi kwa saa, matangazo ya redio, tamthilia za sauti, yote yanajaza siku za Jumatatu hadi Alhamisi. Rege ipewe usiku na mwisho wa wiki.

Njia ya kiuchumi ya rege yenyewe ni ridimu. Tangu miaka ya 1960 Jamaica imekuwa ikitumia mdundo mmoja kwa waimbaji wengi. Ukirekodi besi na dramu nzuri kwa siku mbili, waimbaji watano wakaandika nyimbo zao juu yake, gharama ya bendi imegawanywa kwa tano na kila wimbo unautangaza mwingine. Hapa ndipo ugomvi unapozaliwa, basi andikeni kabla ya miksi: nani ametunga maneno, nani melodi, nani ridimu, asilimia ngapi kila mmoja, rekodi halisi ni mali ya nani, na kama ridimu inaweza kupewa mwingine. Mpiga besi aliyelipwa mara moja asaini kwamba amelipwa mara moja. Aliyeahidiwa fungu, fungu liandikwe. "Tutaangalia mbele ya safari" si kifungu cha mkataba. Kazi isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ulinzi wa kazi ya mtunzi unadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo mnachoandika leo watakisoma wajukuu.

Studio yenyewe iwe na jina lililosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), namba ya mlipa kodi TRA, leseni ya halmashauri na usajili wa BASATA (baraza la sanaa). Mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa wawajue kwa sura kabla jirani hajaenda kulalamika kuhusu kelele. Na mlangoni pawe na sheria moja isiyojadiliwa: bangi isiingie. Ni kosa la jinai, polisi wakija hawabebi mtu mmoja bali na kompyuta kama kielelezo, tena moshi wowote unaganda kwenye utando wa maiki.

Kalenda ya rege ina siku mbili ambazo redio zinatafuta nyimbo mpya bila kuombwa: 6 Februari, alipozaliwa Bob Marley mwaka 1945, na 11 Mei, alipofariki mwaka 1981. Anayetaka Februari amalize miksi Novemba, maana Desemba mafundi wanasafiri na wapigaji wako hotelini Zanzibar. Ramadhani panga sesheni baada ya tarawehe.

Faili la kutoa mtandaoni lifike kama LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) 14 chini ya sifuri, kilele kisipite desibeli moja chini ya sifuri. Ukibana zaidi ya hapo, mitandao mikubwa ya muziki itaishusha yenyewe na utabaki na wimbo bapa usio na pumzi. Kila wimbo upewe msimbo wake wa ISRC, unaoitambulisha rekodi, wa tarakimu na herufi 12, na toleo la dabu lipewe wake tofauti.

Wimbo wa dakika tano wenye treki 24, biti 24 na sampuli 48,000, unakula gigabaiti moja hivi. Si kitu. Weka nakala tatu: kompyuta ya kazi, diski ya nje kabatini, na nyingine inayolala nyumba tofauti kabisa. Kabla ya kufunga kazi, toa kila treki kama faili moja linaloanzia sifuri, likiwa na jina lake, kasi na ufunguo: besi_di_150_Am, si "audio 17 mpya final". Diski ikifika, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito, na baada ya miaka minne hamishia kila kitu kwenye mpya, hata kama ya zamani bado inawaka.